Dhoti Aliyoipeleka Haradhan

Kabla ya Agosti ile ya 1946, Haradhan Sikdar alikuwa mbabe wa kawaida tu wa mtaa mmoja wa Wahindu Kalkuta, mwenye ghala la makaa na shingo nene kuliko akili. Sokoni walimpisha, maana mwenye nguvu mpishe. Akitaka embe, alichukua. Mawakili na walimu wa mtaa walimcheka kisogo. Lakini mwaka huo Waingereza walikuwa wanafungasha virago, Wahindu na Waislamu wakigombania kitakachobaki, na mitaa ilipoanza kuwaka moto wasomi wale wale walimletea peremende za maziwa na kumwita Kaka Haradhan.

Mtu mmoja tu hakuwahi kumwogopa wala kumbembeleza: Ustadhi Kefayet, mzee wa Kiislamu mwenye kinu cha mafuta ng'ambo ya barabara ya tramu. Ndiye aliyemfundisha mieleka tangu utotoni. Kila Jumanne alikuja kwenye uwanja wa mieleka nyuma ya mtaa, akaukanda udongo kwa mafuta ya haradali, na kumwita Haradhan zuzu mbele ya watu. Haradhan alicheka, kwa sababu alimpenda.

Siku ya pili ya ghasia, Waislamu wawili waliingia mtaani wamevaa dhoti, ile nguo nyeupe ya Wahindu, wakachoma duka la mchele na mwenye duka akiwa ndani. Vijana wa Haradhan nao, tusidanganyane, walikuwa wamekwisha kuua. Haradhan akawakusanya kwenye vizuizi walivyouzingira mtaa.

"Kuanzia leo, mgeni yeyote mwenye dhoti, mwambieni aifungue aifunge upya," alisema. "Mhindu hufunga huku anapiga soga. Ukimwona mtu anatazama chini anatafuta pindo, huyo mpelelezi."

"Tukuletee, Kaka?" aliuliza Nontu, mkubwa wa vijana wale.

"Uniletee nimfanyie nini? Nimpikie wali? Malizeni hapo hapo."

Wakacheka. Mtaa mzima ulisifu akili ile, na mawakili walikuwa wa kwanza.

Siku ya nne zikafika habari kwamba kinu cha Ustadhi kimechomwa na mzee amejificha kwenye banda la ng'ombe. Haradhan hakula. Kumwambia Nontu kwamba anamleta Mwislamu nyumbani kwake hakuweza. Mbabe akionekana kulegea siku moja, kesho yake si mbabe. Basi alichukua dhoti yake mwenyewe, akamkabidhi bibi Khiroda, muuza samadi kavu ya kuwashia moto, ambaye hakuna aliyejisumbua kumsimamisha.

"Mwambie aivae, aje saa sita mchana kizuizi cha barabarani. Nitakuwa pale mwenyewe."

"Na kama haji?"

"Atakuja. Mwambie zuzu wake anamsubiri."

Saa sita Haradhan alikuwa amesimama barabarani, mvua inamnyeshea, mbwa wanagombania vitu ambavyo hakutaka kuvitazama. Mzee hakutokea. Alikuwa amepita nyuma, kwenye kichochoro cha uwanja wa mieleka, kwa sababu mwanamieleka wa kale haingii mtaa wenye uwanja akamsalimu mtu kabla hajaugusa ule udongo na kujipaka kwenye paji la uso. Vita au si vita. Kwa miaka thelathini aliingilia huko, na Haradhan, aliyeijua desturi hiyo kuliko jina la baba yake, hakuikumbuka.

Nontu alikuja mbio, anameremeta.

"Kaka, tumempata mwingine! Kule uwanjani, kizee kizima! Tukamwambia funga, babu. Akazungusha, akatazama chini, ikamshinda kabisa. Eti kapewa na wewe!"

Haradhan alimkamata bega. "Alisema hivyo?"

"Si wote wanalitaja jina lako? Wanadhani sisi watoto. Akasema nendeni mkamwite huyo zuzu wenu. Hapo Hori wetu akakasirika, Kaka, kukutukana wewe, akamshushia panga!"

Alipofika, watu walikuwa wamekwisha kujaa. Ustadhi Kefayet alikuwa amelala kando ya uwanja, udongo kwenye paji la uso, nguo imemzonga mapajani. Mjane wa mwenye duka la mchele alipiga magoti mbele ya Haradhan, akamwombea maisha marefu.

"Unamjua, Kaka?" aliuliza Nontu, safari hii taratibu.

Mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini huyu alikuwa amemtanguliza mwalimu wake. Aliwatazama wote, mawakili, wajane, vijana wenye mapanga aliowafundisha yeye, na akaona kwamba hakuna hata mmoja anayetaka kusikia lolote ila neno moja. Nguvu zote zile, na hakuwa na nguvu ya kusema lingine.

"Simjui," alisema. "Mmefanya kama nilivyowaambia."

Wakamnyanyua maiti kumpeleka mferejini pamoja na wengine. Vijana wawili walishika mabega. Haradhan aliwasogeza wengine, akainama, akaishika miguu, miguu ambayo mwanafunzi huigusa kwa heshima kila amwonapo mwalimu wake. Aliishika kwa mikono yote miwili hadi ukingoni, na watu wakanong'onezana jinsi Kaka alivyo mnyenyekevu, hata kazi chafu haikatai.