Kidato Kilichobaki Chini

Mwaka ule upepo ulipoezua paa la kanisa na kulilaza shamba zima la migomba la masista, Consorcia Tupas alikuwa na umri wa miaka minane, nasi sote tulimwita Soring. Nyumba nyingi za mji wetu wa Tigbaras, katika pwani ya Antique, zilisalia zimesimama juu ya nguzo zake lakini hazikuwa na ngazi. Mafuriko yalikuwa yamezing'oa na kwenda nazo baharini. Kwa hiyo, tangu Novemba hadi Kwaresima, baba yake Silvestre, seremala aliyejulikana kwa ngazi kuliko kwa kitu kingine chochote, alihama kutoka ua hadi ua akiwa na randa na msumeno. Binti yake alimfuata akiwa na kazi moja tu, nayo ilikuwa kuhesabu.

Kwetu ngazi haihesabiwi moja, mbili, tatu. Huhesabiwa dhahabu, fedha, kifo, kisha dhahabu tena, mpaka mlangoni, na seremala ambaye kidato chake cha mwisho kinaangukia kifo hapati kazi nyingine mtaani. Mapadre walitukataza hesabu hiyo shuleni. Nao walipojenga nyumba yao waliweka vidato kumi na sita, jambo ambalo Silvestre hakuchoka kulikumbusha. Soring alikuwa akisimama chini, mwanzo wa ngazi, baba akionyesha kwa penseli kutoka kidato hadi kidato, na sauti ya mtoto akimwita baba ilifika mpaka darasani nilikofundisha: "Dhahabu, Tatay! Imeishia dhahabu!"

Nyumba yao wenyewe ilikuwa karibu na mlango wa mto, na ngazi yake ilikuwa ya kuvutwa juu kwa kamba, kama zilivyokuwa ngazi za wazee. Ilipokuwa chini, ulijua kuna mtu. Ilipokuwa juu, ulirudi kesho. Mafuriko mengine, Soring akiwa tayari mwanamke mzima, yaliichukua nyumba ile pamoja na ngazi, wakahamia karakana ya baba iliyokuwa kando ya barabara.

Mikono ya Silvestre ilipoanza kutetemeka, zana zilipumzika. Soring akaweka kompyuta nane ndani ya karakana, za kutumbukiza sarafu na kucheza dakika chache, na wanafunzi wakafurika. Mzee alilipokea jambo hilo kama mtu aliyezikiwa kazi yake ingali inapumua. Alihamishia kiti chake uani, na kwa miaka mitatu hakuingia humo tena. Alikifikia chumba chake cha nyuma kwa kuzunguka nje, kupitia banda la nguruwe, hata mvua ikinyesha. Baba na binti walizungumza juu ya wali na dawa, basi.

Asubuhi, watoto wakiwa shuleni, Soring alikaa mashine namba nne na kucheza mchezo wa matofali, ambamo mtu huchimba, hukata na kupanga tofali juu ya tofali mpaka apate dunia yake. Mimi nilikuwa nikienda pale kusoma barua za dada yangu aliye ng'ambo, na kila wiki niliiona nyumba ya mlango wa mto ikiinuka kwenye kioo: nguzo, sakafu, dirisha la jikoni. Alikuwa amefika kwenye ngazi. Katika mchezo ule kuna pistoni, tofali lenye mkono unaosukuma matofali mengine, na pistoni za ulimbo ambazo husukuma na kuvuta. Kwa hizo alikusudia ngazi yake ipande na kushuka.

Ndipo Aprili ya mwaka 2014 Arsenio, mdogo wake Soring, alipoagiza kutoka Cotabato, katika kisiwa kingine, kwamba mzee aende akaishi naye. Meli ilikuwa Jumatatu ya wiki iliyofuata. Soring alikwenda uani. Nilimsikia kupitia ukuta wa mianzi.

"Tatay, Jumamosi njoo dukani. Nimeijenga nyumba yetu."

"Nyumba yetu iko baharini."

"Nimeijenga kwenye kompyuta."

"Basi ikae humo humo."

"Ngazi inapanda na kushuka."

Kiti kililia. "Kwa kamba?"

"Kwa pistoni."

"Vidato vingapi?"

"Vile vile. Kumi na vitatu."

"Nitakuja nihesabu. Ikiishia kifo natoka, na usiniite tena."

Soring alirudi akiwa amejishika mashavu. "Maestra," akaniambia, "nimemwongopea. Haijapanda hata mara moja."

Alinionyesha. Alibonyeza kitufe, ngazi ikakaa kimya kama ng'ombe aliyegoma. Alipotoa kidato kimoja ikapanda yote, laini kabisa. Alipokirudisha ikagoma tena. Manang Bising, dada wa mtaa aliyekuwa akikaanga ndizi mlangoni, aliingiza kichwa.

"Si uache hivyo hivyo kumi na viwili? Mzee mwenyewe haoni vizuri."

"Anahesabu kwa kidole, Manang, si kwa macho. Kumi na viwili ni kifo."

"Haya, toa kingine."

"Kumi na kimoja ni fedha, lakini si ngazi yetu. Kumi na vitatu ndiyo yetu. Nilihesabu mwenyewe."

Akainamia kioo. Hakukasirika hata kidogo. Alikuwa na uso ule ule aliokuwa nao darasani alipofungua saa yangu ya mezani. "Pistoni moja inabeba vitu kumi na viwili, haizidi. Maestra, nani aliamua kumi na viwili?"

"Mitume," nikasema.

"Na Paulo je?"

"Paulo alikuja baadaye, kwa njia yake."

Akanitazama. "Basi na mimi nikiletee hiki njia yake."

Aliweka pistoni ya pili, ya ulimbo, kwa ajili ya kidato kimoja tu, kile cha chini kabisa. Hapo ndipo maajabu yalipoanza. Nyumba ikielekea mlimani, pistoni mbili ziligombea nani atangulie, na ngazi ikakwama katikati. Akaivunja, akaijenga ikielekea baharini, na pistoni zile zile, kwa mpangilio ule ule, zikafuatana vizuri. Kwa nini mlima na bahari viwe tofauti ndani ya kompyuta, hakujua, wala mimi sikujua. Wakati mwingine kidato kilionekana pale pale, lakini mtu wake wa mchezoni alipokikanyaga alitumbukia, kwa kuwa hakikuwapo. Na pistoni ya ulimbo, ikiamshwa kwa haraka mno, ilisahau kuvuta mzigo wake. Safari iliyofuata ilikumbuka. Aliandika kila jaribio katika daftari la mazoezi: *Bahari. Imechukua. Imeacha. Imechukua. Imeacha.*

"Ona hii, Manang! Inaacha na kuchukua kwa zamu!"

"Kama mume wangu na ulevi," akasema Bising. "Nipishe, ndizi zinaungua."

Ijumaa jioni daftari lilikuwa limejaa, na ngazi haikuwa ya kuaminika hata kidogo.

Jumamosi Silvestre aliingia kwa mlango wa mbele, amevaa shati jeupe aliloliweka kwa ajili ya meli. Alisimama kwenye nguzo ya kati, akapapasa.

"Msumari wangu huu."

"Ndiyo, Tatay. Natundikia mwavuli."

"Ulikuwa wa randa." Lakini akaketi. Bising alisimama nyuma yake na uma wa kukaangia mkononi. Soring alisema sala fupi bila kutoa sauti, akabonyeza.

Vidato kumi na viwili vikapanda. Cha kumi na tatu, cha chini, kikabaki peke yake juu ya udongo.

"Yesu wangu, imezingua," akanong'ona Bising.

Soring alipeleka kidole abonyeze tena, maana zamu iliyofuata ingekichukua. Mzee akamshika mkono.

"Acha. Nani alikwambia habari ya jiwe?"

"Jiwe gani, Tatay?"

"Ulipokuwa ukihesabu, ulikuwa unasimama wapi?"

"Chini. Pale mwanzo."

"Juu ya nini?"

Soring aliitazama miguu yake ndani ya ndala. "Juu ya jiwe," akasema polepole. "Lilikuwa la baridi."

"Mbao ikigusa udongo inaoza. Kila ngazi yangu inaanzia kwenye jiwe, na jiwe ndiyo dhahabu ya kwanza. Mimi nimevuta vidato kumi na viwili maisha yangu yote. Nani anavuta jiwe, we mtoto? Wewe ulilihesabu kwa nyayo ukadhani ni mbao."

"Tatay, nimehangaika wiki nzima!"

"Ungeniuliza."

"Ungenijibu?"

Soring aliing'oa pistoni ya pili, akakitoa kidato cha chini, akaweka tofali la jiwe mahali pake. Akabonyeza mara kumi, na mara zote kumi ngazi ilipanda kwa pistoni moja na kushuka juu ya jiwe lake, bila kuacha kitu.

"Na mtu akitaka kupanda anafanyaje?" akauliza Silvestre.

Akamwekea kidole kwenye kitufe cha kutembea. Mzee alipanda, midomo ikihesabu. Mlangoni alisema kwa sauti, "Dhahabu." Kisha akageuka kitini.

"Sasa nionyeshe kile kidato nilichokisikia kupitia ukuta, kinachoonekana wakati hakipo."

Soring alifungua daftari. Walikaa hapo mpaka wali ukapoa. Alitaka kuona ngazi ikielekea mlimani, akaiona ikikwama, akacheka mpaka akakohoa. "Seremala aliyemo humo," akasema, "upande wa mlimani alifanya kazi akiwa na njaa." Jumatatu alipanda meli. Daftari alikwenda nalo.

Alifariki Cotabato mwaka 2017. Arsenio aliandika kwamba kwenye kurasa za mwisho mzee alikuwa amechora pistoni kwa penseli ya useremala, nyingi, zikielekea pande zote nne.

Simu za mkononi zililimaliza duka. Soring alipopata kazi kwenye kiwanda cha samani huko Cebu, mashine saba zilikwenda shule ya msingi, na namba nne aliileta kwangu. Tarehe tisa Machi 2019, kabla ya basi la saa tatu asubuhi, aliiwasha juu ya meza yangu ya kulia chakula, akaingia katika nyumba ya mlango wa mto, akabonyeza kitufe. Ngazi ikashuka juu ya jiwe. Aliiacha chini, akazima mashine, akaondoka.