Mandazi Mawili Kabla ya Ubatizo

Harufu ya mandazi ya moto ndiyo iliyoniponza. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, tukiishi Naro Moru, na likizo nzima ya Agosti nilikuwa nimehudhuria darasa la ubatizo la Mama Nekesa, mke wa polisi aliyehamia kwetu kutoka Bungoma. Alitupa masharti: tusigombane, tusidanganye, tusiruke sala hata moja, na siku ya ubatizo tusitie kitu mdomoni. "Mungu hapokei mtu mchafu," alituambia kila Jumamosi. Niliyashika masharti hayo kwa majivuno, huku nikiwachungulia wenzangu nione nani ameteleza. Kisha, asubuhi ya siku yenyewe, mama akaepua mandazi ya wageni, yananukia iliki, akatoka nje. Nilikuwa nimekula mawili kabla sijajua ninachofanya.

Nilikwenda mtoni na mafuta vidoleni, moyo ukiwa mzito. Maji ya mto ule hushuka moja kwa moja kutoka mlimani, na baridi yake huuma hadi kwenye mifupa. Wenzangu waliingia mmoja mmoja, wakatoka wakitetemeka na kucheka, kanisa zima likiimba ukingoni. Zamu yangu ilipofika nikarudi nyuma.

"Uko na nini, Wangari?" akauliza pasta, maji yakimfika kiunoni, meno yakigongana.

"Mimi si msafi. Nimekula mandazi."

Nyimbo zikakatika. Nikamtazama Mama Nekesa, nikingoja anifukuze. Akainamisha uso.

"Pasta," akasema polepole, "hata mimi nilikunywa chai. Na ni mimi niliwakataza."

Pasta alicheka nusura aanguke majini. "Sasa kama mngekuwa wasafi, mngekuja kwa maji kufanya nini?" Akaninyoshea mkono. "Sikuulizi umekula nini. Unamwamini Yesu?"

"Namwamini."

"Basi kuja, hii maji inaniua!"

Nilizama, nikaibuka nikipiga mayowe ya baridi na furaha. Mama Nekesa alinikumbatia nikiwa nimelowa chapachapa, na sote wawili tukacheka huku tukilia.

Leo ninaishi Nyeri mjini na nina watoto wawili. Hasira bado hunishinda, wiki baada ya wiki. Nikikosea, naomba msamaha kwa Mungu na kwa wanangu, kisha naendelea na kazi zangu nikiimba. Sidhani nimekuwa mwema kuliko yule msichana aliyewachungulia wenzake. Ila yeye alilala na hofu kila usiku, nami nalala fofofo.