Madundu Mugongoni mwa Paluku

Cheka kama unataka. Mimi nilikuwa pale kambi ya Kibati, niliona kwa macho yangu, na Paluku ni ndugu yangu wa tumbo moja. Siwezi kumufananisha na mutu mwingine.

Vita ilitutoa Rutshuru, tukajenga vibanda vya shitingi, yale maturubai ya plastiki, juu ya mawe ya volkano. Ndipo akaja yule tuliyemuita Papa Kravati. Niambie, mutu gani anavaa kravati, tai ya shingoni, kambini? Alibeba sanduku la madundu, wadudu wale wa mabawa magumu, yamekauka na kubandikwa kwa sindano, migongo ya kijani inayong'aa kama shaba. Eti kuna watu ng'ambo wanayanunua, na yeye atamulipa atakayemuletea. Dundu hilo halishuki kambini. Linakaa juu, pori la mulima Nyiragongo, linanyonya utomvu wa miti, na watoto wake wanakulia ndani ya magogo yaliyooza. Pori hilo lilijaa askari. Yeye mwenyewe kupanda? Viatu vingechafuka!

Paluku alipanda, kwa sababu watoto wake walikuwa na njaa. Tukasikia risasi. Maiti hatukuipata.

Papa Kravati alirudi. Hata pole hakusema. Alitafuta mutu mwingine wa kumutuma. Jioni ile, mwanga ungalipo, Paluku akatokea upande wa pori, akakaa juu ya jiwe, ametupa mugongo. Shati lake halikuonekana kwa madundu, shingo mpaka kiuno, yanang'aa, yanatembea polepole. Nikamuita. Hakugeuka, na mimi nikasimama palepale nyuma yake.

Unafikiri yule mushenzi alimusalimia? Alipiga magoti, akaanza kuchuma!

"Usitikisike, Paluku. Yataruka."

"Papa, muache! Huyo alikufa!"

"Ngoja kwanza, mama. Haya ndiyo makubwa."

Amini: kila dundu alilotoa, mahali pake niliona jiwe tupu. Alipotoa la mwisho, hapakuwa na shati wala ndugu yangu. Sandukuni, majivu. Na yeye aliendelea kuchuma.

Mpaka leo hajaacha. Yuko mutaa wa Ndosho kwa dada yake, anakaa mulangoni, vidole vinachuma hewa, anawaambia wapita njia wasitikisike. Watu wa kanisa wananiomba nimuhurumie. Huruma gani? Yangu yote niliimaliza kwa Paluku, na iliyobaki inalea watoto wake.

Na wewe, mutu wako akirudi namna ile, usisimame kama mimi. Zunguka mbele, mutazame usoni, umuage upesi, kabla wapumbavu hawajafika. Mimi uso wa ndugu yangu sikuuona.