Chagua Namba Yako

Kuna watu wanadhani kuwarubuni vijana kwa mpira kumeanza juzi, na kamari za simu. Acheni hizo. Njombe ilikuwa na Filemoni enzi za Mwingereza, na kazi aliifanya kwa bomba la bati la kupazia sauti.

Filemoni alikuwa kijana wa Yakobi, msomaji mzuri, kichaa wa mpira. Siku za gulio alikuwa anawasomea wenzake habari za mechi kwenye gazeti, kwa mbwembwe mpaka wauza viazi wanasahau wateja. Nahumu, karani wa kampuni moja ya katani, akamsikia. Kampuni ilikuwa inakosa watu. Vijana walishaliogopa neno manamba, jina la vibarua wa mkonge, maana waliwaona baba zao wakirudi kutoka mashamba ya Tanga wamekauka kama kuni.

"Neno hilo usilitaje," Nahumu alimwambia. "Wewe sema namba. Kule kuna timu, kuna jezi. Waonyeshe hii picha."

Kwenye picha vijana wa shambani walikuwa wamegeuzwa migongo ili namba za jezi zionekane. Filemoni mwenyewe aliyaamini yote.

"Kamweneee!" akawasalimia kwa kelele gulioni. "Vijana, chagua namba yako! Tisa bado ipo! Kumi na moja bado ipo!"

Wakajaa. Hata mdogo wake, Mika, winga wa kushoto aliyekuwa anakimbia peku kwenye baridi ya Juni kama vile miguu si yake.

"Kaka, kumi na moja usimpe mtu."

"Yako hiyo, bwana mdogo. Nani mwingine hapa ana mguu wa kushoto? Hawa wote wana magongo."

Mama yao, Getruda, alikuwa anamenya viazi. "Filemoni, baba yenu naye alipewa namba huko."

"Ile ilikuwa ya kazi, mama. Hii ni ya jezi."

"Haya. Wewe ndiye uliyesoma. Mimi nirudishie mwanangu tu."

Filemoni akamsindikiza Mika hadi kambi ya Makambako, pale malori ya kwenda pwani yalipokuwa yanapakia watu. Mika akapaza sauti kutoka juu ya lori: "Nikirudi nakupiga chenga mbele ya mchumba wako!"

Mwaka ukaisha. Kampuni ikaleta picha mpya, na Mika yumo, kumi na moja mgongoni, amegeuza shingo anacheka. Filemoni akaibeba gulio kwa gulio. "Mnamwona huyu? Damu yangu!" Vijana wa Yakobi wakaondoka wengi kuliko mwanzo.

Halafu siku moja yuko Makambako na picha yake, akashuka kwenye lori Ezekia, mtu wa Makete, anarudi kwao kutoka mkongeni. Akaitazama.

"Huyu si Mika?"

"Mdogo wangu. Hajambo?"

Ezekia akakaa chini vumbini. "Kaka, hawakukuambia? Jezi tulivaa Jumapili moja tu. Tukapigwa picha, zikarudishwa sandukuni. Namba yetu ni ile ya kuitiwa kazini alfajiri, jina halitumiki kule. Mika alishikwa homa. Asubuhi moja namba yake ikaitwa, ikaitwa, hakuna aliyeitika. Tukamzika kandokando ya mkonge. Zamani sasa."

Kwa hiyo alikuwa anamtangaza marehemu.

Filemoni akarudi Yakobi, akamwambia mama yake akiwa amesimama mlangoni, kwa sababu alishindwa kuingia. Getruda hakupiga yowe. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Kaburi lake wameliandika jina au namba?"

Filemoni hakujua. Hakuwahi kujua mpaka anazeeka.

Msibani watu waliimba nyimbo za kanisani bila jeneza. Nje, vijana walikuwa wamekaa ukutani wakimsubiri. Mmoja wao, Lukas, akamshika mkono.

"Pole sana, kaka. Sasa ile kumi na moja... iko wazi?"

Filemoni akawaeleza yote: sanduku, homa, mkonge. Akalia mbele yao, mtu mzima.

"Usitubanie, kaka," Lukas alisema taratibu. "Wa kwenu alipata nafasi yake."

Lori lilipokuja, Filemoni akasimama katikati ya barabara, bila bomba, akayasema tena. Wakamsikiliza kwa adabu, kama anavyosikilizwa mfiwa. Kisha wakampitia pembeni, mmoja mmoja, wakapanda.