Midomo ya Mwantumu

Mtaa mzima wa Kihesa ulimjua Mwantumu kwa midomo yake myekundu ya tambuu. Majani ya tambuu yaliletwa na basi kutoka pwani, yakifika nusu yamenyauka, naye huyanyunyizia maji na kuyafunika kitambaa kama mtoto mwenye homa.

Mumewe, Makame, baba wa mtoto wao Matano, alikuwa akipanda malori kwenda Mbeya kuuza kanga. Kila alipoondoka, Mwantumu alimkunjia tambuu mlangoni: jani, chokaa, katu, popoo. Wakatafuna pamoja, kisha mke hakuiacha midomo ipauke mpaka mume arudi. Ndivyo alivyofunzwa kwao. Anayepauka midomo ni mjane aliye edani.

Basi masika ya mwaka hamsini na sita yakaja kumvuruga. Habari zilifika, Makame akiwa bado safarini, kwamba lori lililotoka Mbeya limesombwa na mto. Lori gani? Wapi! Hakuna aliyejua. Bibie, dada yake Makame, akaingia mbio, kanga inamteleza.

"Wifi, tema hiyo tambuu! Kaka yangu yuko majini, wewe unajipamba?"

"Nikitema nitakuwa nimemwua mwenyewe," Mwantumu akajibu, akaendelea kutafuna.

Kesho yake Asukile, mchuuzi wa viazi wa Uyole kule Mbeya, akasema amemwona Makame sokoni kwao, mzima kabisa. Vigelegele! Mchana wakamhoji vizuri, akaanza kukuna kichwa.

"Alivaa kofia, mama. Ninyi watu wa kofia mnafanana."

Lo! Mwantumu akawa hajielewi. Akiweka tambuu mdomoni, majirani wanatazamana: ona, anasherehekea. Akiitema, Bibie yule yule anaangua kilio upya, eti hata mke amekata tamaa. Jamani, afanye nini? Mara nyingine aliiweka tu shavuni, hatafuni wala hatemi, akipika ugali huku hajui kama anampikia msafiri au anapika wa matanga.

Siku Bibie alipomletea shuka nyeupe ya eda, aliipokea. Alichoka tu, tusimsingizie mengine. Akaenda uani akasukutua mpaka maji yakatoka meupe, akakaa mkekani kati ya wanawake. Akajiuliza anamlilia nani, na machozi hayakuja.

Adhuhuri ile ile mlango ukasukumwa. Makame! Matope mpaka kiunoni, amekonda, barabara imekatika na ametembea kwa miguu. Wanawake wakapiga yowe. Yeye hakuwatazama hata mmoja. Alitazama midomo ya mkewe, akashika mwimo wa mlango.

"Mama Matano, nani kafa?"

Bibie akajiziba uso kwa kanga.

"Mimi? Nimekufa mimi?"

"Sijui," Mwantumu akasema. "Wallahi, Baba Matano, nilikuwa sijui."

Akavuta kijaluba chake cha tambuu, akakunja jani kwa haraka, chokaa ikazidi. Akampelekea palepale kizingitini. Makame akaipokea, akaigeuzageuza, kisha akaisukuma kinywani mwa mkewe.

"Tafuna wewe. Midomo ikiwa myekundu nitaingia ndani."

Akabaki amesimama nje, matope yakimkaukia miguuni. Mwantumu akatafuna huku anamwangalia, chokaa ikimchoma ulimi, na hapo ndipo machozi yalipomtoka.