Mume wangu ameandika riwaya: kovu kanipa mimi, wema kampa mwingine

Admin, jina langu lifiche hata kwa wanaokuuliza inbox, maana Bariadi yetu hii ukikohoa Dutwa mtu wa stendi anakupa pole.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na saba, nimeolewa, nina watoto watatu. Nalima pamba na mahindi huku Dutwa. Mume wangu ni mwalimu wa Kiswahili sekondari, na kwa muda mrefu alikuwa anaandika riwaya. Sikumsumbua. Watoto wakipiga kelele niliwatoa nje, chai nilimpelekea mezani, nikijua baba yao anafanya jambo la maana. Ndugu zangu, leo nikiiona ile meza nasikia kinyaa.

Kitabu kimetoka kuchapwa. Kinamhusu mwalimu mmoja mzee ambaye analala, akiamka amerudi kwenye ujana wake, anaishi maisha yale yale ila safari hii anachagua tofauti. Wazo zuri, hata mimi nililipenda. Sasa, siku ya kupeleka mahari, ng'ombe wako juu ya fuso wanaenda Bukundi kwa wakwe, yule mwalimu anamwambia dereva, "Geuza. Twende Mkula." Anamwoa msichana wa Mkula. Wa Bukundi hatajwi tena.

Bukundi ndiko kwetu. Ng'ombe wangu walikuja kwa fuso.

Msianze kuniambia ana mchepuko Mkula. Labda anaye, labda hana, sina nguvu ya kumfuatilia. Kinachonitapisha ni kingine.

Yule mke wa maisha ya kwanza, wa Bukundi, kabla mwalimu hajalala na kurudi ujanani, anakoroma, anaongea kwa sauti ya kuita ng'ombe, na ana kovu la moto kuanzia gotini hadi kwenye kifundo cha mguu. Mwandishi anasema mwalimu alijifunza kulala ameangalia ukuta ili asiguswe na ule mguu. Mimi ninalo hilo kovu. Goti hilo hilo, mguu huo huo.

Sasa niwaambie nililipataje. Mwaka tuliooana mume wangu aliugua taifodi, hawezi kusimama, anajisaidia hapo hapo alipolala. Nilikuwa nimeinua sufuria la maji ya moto nikamwogeshe, nikateleza kwenye matapishi yake, maji yote yakanimwagikia. Nikalia, nikachemsha mengine, nikamwogesha. Nikamfunika kanga yangu ya njano, nikamwimbia wimbo tunaoimba tukichuma pamba mpaka akalala.

Basi yule wa Mkula kapewa sura nzima ya kumwogesha mumewe mgonjwa. Maji ya moto yapo, kanga ya njano ipo, wimbo ni wangu neno kwa neno. Ila yeye hakuungua.

Nilipofika hapo nilitoka nje nikatema mate. Jioni nikamuuliza, "Baba Kabula, huyu anayekuogesha ni nani?" (Kabula si jina halisi la binti yetu.)

Akasema, "Ni mhusika tu, mama Kabula. Riwaya ni ubunifu."

"Na huyu mwenye kovu?"

"Naye mhusika. Wewe usisome kama mtu wa kijijini."

Akaendelea kula ugali niliousonga mimi, analamba vidole. Tangu siku hiyo akianza kutafuna chakula nahamia jikoni. Nguo zake nafua nikiwa nimegeuza uso. Nachukia hata anavyosafisha koo kabla ya kupokea simu za watu wanaompongeza.

Kabula yuko kidato cha pili, naye kasoma. Alinifuata shambani akaniuliza, "Mama, baba akigeuza fuso kwenda Mkula, sisi tunazaliwa wapi?" Nikamwambia achume pamba.

Nilimpigia simu baba yangu nikamwambia nataka kurudi nyumbani. "Mayu," akasema, kwetu baba humwita binti yake mama, "ng'ombe wa mahari yako ndio tuliomwolea kaka yako mke. Ukirudi, mumeo atawadai. Nimtoe mke wa kaka yako na watoto wake, niwarudishe kwao? Kitabu kimekupiga?" Kweli hakijanipiga. Wifi yangu ni mtu mwema na ana mimba.

Jumamosi ijayo ni uzinduzi, ukumbini shuleni kwao. Walimu watakuja, wazazi, na watu wa kanisani kwetu. Anataka nikae meza kuu pembeni yake, halafu nisimame niseme maneno machache jinsi nilivyomtia moyo. Juzi ameniletea kitenge kipya, kizuri kweli, nikafikiri pengine aibu imemshika. Akaniambia, "Mpe fundi akushonee gauni refu, lifike chini kabisa. Watu wameshasoma."

Kwa hiyo anajua. Mhusika gani huyo anayeshonewa gauni?

Kitenge kiko kwa fundi na bado hajakata, ananisubiri nimwambie urefu. Wanawake wenzangu, na nyie kina baba mlio na wake wenye makovu, nisaidieni kabla ya Jumamosi. Nimwambie fundi ashone refu nilinde ndoa yangu na ya kaka yangu, au akatie juu ya goti, nisimame mbele ya ukumbi mzima niwaeleze ni nani alimwogesha?