Kreti ya Barua Zilizolala

Mwaka wa 1974, kijiji chetu karibu na Zombe kilitumia sanduku moja la posta, la mwenye duka Syokau. Barua mpya alizitia katika kiondo kando ya mizani. Barua iliyokaa mwezi mzima bila mwenyewe aliihamishia kwenye kreti chini ya kaunta, lakini hakutupa hata moja.

Siku moja Syombua, aliyekuwa amerudi kutoka kwa nyanya yake huko Kyuso, aliingia akilia. Chuo cha ualimu kingefunguliwa Jumatatu iliyofuata, naye hakuona barua ya kuitwa.

"Mama, kiondoni hamna kitu."

"Shuleni uliandikishwa kwa jina gani?"

"Rhoda Josiah. Ni majina ya ubatizo, langu na la baba."

"Josiah ndiye baba yako Musembi?" Syokau alicheka, akapiga magoti, akafungua furushi la Novemba lililofungwa kwa mkonge. "Huyu Rhoda nimemtafuta hadi kanisani. Nilidhani ni mke wa mhubiri mgeni!"

Barua ilikuwa humo, safi, haijafunguliwa.

Jumatatu Syombua aliripoti chuoni. Baadaye ndiye aliyenifundisha kusoma.